Kisima cha shule kina floraidi nyingi: tuchague teknolojia gani ya maji ya kunywa?

Mwalimu wa Miteremkoni (Arumeru)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika kwa niaba ya kamati ya shule ya msingi iliyoko kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru. Tulichimbiwa kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua, na kwa wingi wa maji hatuna malalamiko hata kidogo, kwa kuwa yanatosha shule na kaya za jirani. Maji ni meupe, hayana harufu, na kipimo cha vijidudu kilikuwa kizuri. Majibu ya maabara ya maji, hata hivyo, yameonyesha floraidi miligramu 6 kwa lita, na wataalamu wametuambia kwamba kiwango kinachokubalika ni 1.5.

Tuna wanafunzi 480. Wanakunywa maji hayo, na uji wa asubuhi pamoja na makande ya mchana hupikwa kwa maji hayo hayo. Meno ya watoto wengi yana madoa ya kahawia, na hapa kijijini jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba wazazi hulichukulia kama rangi ya kuzaliwa nayo.

Wazazi wenye nafasi wamechanga fedha, na sasa kila mmoja ana ushauri wake. Wapo wanaotaka mtambo wa RO (wa kuchuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando), wapo wanaotaja mkaa wa mifupa, wapo wanaopendekeza shabu na chokaa, na fundi aliyechimba kisima anasema tuongeze kina tu. Mzazi mmoja anashikilia kwamba kuchemsha kunatosha. Tuna madarasa ya mabati, mapaa mawili yenye jumla ya mita za mraba 400 hivi, lakini hatujawahi kuyafungia gata. Naomba ushauri wa watu wanaoyafahamu mambo haya kwa undani, kwa sababu fedha hizi tukizitumia vibaya hatutazichanga tena hivi karibuni.

Mkemia wa Maji

Mwalimu, nashukuru kwa kuleta swali likiwa na kipimo ndani yake, maana wengi huja kuuliza teknolojia kabla ya kujua wana tatizo la ukubwa gani.

Nianze na kuchemsha, kwa sababu hilo ndilo lenye hatari ya kuwapotosha wengi. Floraidi si kijidudu kinachokufa kwa moto. Ni chembe ya madini iliyoyeyuka ndani ya maji. Mkichemsha, mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo maji yaliyochemka kwa muda mrefu huwa na floraidi nyingi zaidi kwa lita kuliko yalivyokuwa. Klorini nayo haiigusi. Chujio la chungu, chujio la mchanga na mkaa wa kawaida wa kuni vyote vina kazi zake, lakini kwa floraidi havina msaada wa maana. Mbegu za mlonge hutuamisha tope na ni jambo zuri kwa maji ya mto, ila si dawa ya tatizo lenu.

Kuhusu kuongeza kina, ni vyema kamati ielewe floraidi hii inatoka wapi. Miamba ya Meru ni ya volkano, yenye asili ya magadi, na maji yanapopita humo huchukua sodiamu na bikaboneti nyingi huku kalsiamu ikiwa kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuiacha kwenye mwamba. Isipokuwepo, floraidi huendelea kuyeyuka bila kizuizi. Ndiyo maana maji ya namna hii mara nyingi ni laini na hutoa povu la sabuni kwa urahisi, na watu huyasifu kwa kufulia. Mto Maji ya Chai, ambao wengi mnaufahamu, una floraidi iliyopita kabisa kiwango cha 1.5. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo ndivyo yanavyozidi kuichukua, hivyo kwenda chini zaidi ni bahati nasibu ya gharama kubwa, na huenda mkapata maji mabaya kuliko mliyonayo. Chemchemi za juu mlimani, ambazo maji yake hayajasafiri mbali chini ya ardhi, mara nyingi huwa na nafuu. Kama kuna chemchemi ya namna hiyo ambayo inaweza kuletwa kwa mserereko, ipimeni kwanza kabla ya kununua kifaa chochote, kwa sababu maji yasiyohitaji kusafishwa ni bora kuliko mtambo wowote, na ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, ndiyo mahali pa kuanzia mazungumzo hayo.

Kiwango cha 1.5 mlichoambiwa ni cha Shirika la Afya Duniani na sasa ndicho cha Tanzania pia. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4, na zamani zaidi ilikuwa 8 kwa maji ya vijijini, si kwa sababu kiasi hicho kilikuwa salama bali kwa sababu maeneo mengi ya kaskazini hayakuwa na chanzo mbadala. Ninalitaja hili kwa sababu bado utawakuta watu wanaosema kwamba "zamani maji haya yalipita kipimo". Yalipita kwa sababu kipimo chenyewe kilikuwa kimelegezwa.

Kabla ya kuchagua kifaa, naomba kamati ikubaliane juu ya jambo moja: maji ya kusafishwa ni yale tu yanayoingia mdomoni. Kufua, kupiga deki na kumwagilia bustani kuendelee kwa maji ya kisima kama kawaida. Floraidi haipenyi kwenye ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Miradi mingi niliyoiona ikishindwa ilianza kwa kutaka kusafisha kila tone.

Fundi Pampu na Sola

Mwalimu, mimi hufunga mitambo na kuihudumia, kwa hiyo nitazungumzia RO peke yake.

Mtambo wa RO husukuma maji kwa nguvu kubwa yapite kwenye utando wenye matundu madogo mno, ambayo chumvi na floraidi hazipiti kirahisi. Ukifanya kazi vizuri, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya floraidi, kwa hiyo miligramu 6 zinashuka chini ya 1 bila shida. Umeme wa jua unaweza kuuendesha. Huko Mdori, mkoani Manyara, ambako floraidi ni kali kuliko yenu kwa mbali, watafiti walijaribu mitambo ya utando inayoendeshwa kwa jua na ikatoa maji ya kunyweka. Anayesema teknolojia hii haiwezekani vijijini hajui asemalo.

Lakini nitakueleza mambo ambayo muuzaji hatakueleza. La kwanza, maji yote hayatoki safi. Katika mtambo mdogo si ajabu nusu ya maji yakatoka upande wa pili kama majitaka, nayo yamebeba floraidi yote iliyozuiwa, maana yake mtakuwa na maji ya karibu miligramu 12 kwa lita yanayotafuta pa kwenda. Yakielekezwa kwenye mtaro ambako ng'ombe na mbuzi hunywa, mtakuwa mmehamisha ugonjwa kutoka kwa watoto kwenda kwa mifugo, kwa sababu meno na mifupa ya mifugo huharibika vilevile. Yatumieni chooni au kusafishia sakafu. La pili, maji ya miamba ya volkano huwa na silika nyingi (madini yaliyomo pia kwenye mchanga), na silika huganda kwenye utando kama ukoko ambao hautoki kwa kusafisha kwa kawaida. Utando ukiziba, pampu inahangaika, maji yanapungua, na siku moja mtu anaamua kuupita mtambo kwa bomba la pembeni "kwa muda tu". Bomba hilo la muda nimelikuta sehemu nyingi likiwa la kudumu.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizeni maswali matatu na mdai majibu kwa maandishi: utando wa akiba unapatikana wapi nchini, unagharimu kiasi gani, na nani atakuja kuubadilisha shule ikiwa likizo. Muuzaji akijibu kwa kuzungukazunguka, muacheni. Kwa hospitali au mji mdogo wenye mhudumu anayelipwa mshahara, ningeipendekeza RO bila kusita. Kwa shule isiyo na fundi wake, moyo wangu haujatulia.

Mama Njoro (Nakuru, Kenya)

Habari zenu ndugu wa upande huo. Sisi wa Bonde la Ufa tunalijua tatizo hili kama mnavyolijua nyinyi, kwa kuwa ni bonde moja na volkano ni zile zile. Kule kwetu Nakuru, Jimbo Katoliki lilianza kazi ya mkaa wa mifupa mwishoni mwa miaka ya 1990, na likaufikisha kwenye shule, vioski vya maji na nyumba za watu. Kwa Tanzania, kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho si mbali na Mwalimu alipo, kimefanya kazi hiyo hiyo kwa muda mrefu. Ningeshangaa sana kama kamati ingenunua chochote bila kufika Ngurdoto kwanza.

Mkaa huo hutengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe, inayookwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo kwa joto la nyuzi kati ya 400 na 600 hivi, kisha husagwa na kuchekechwa ili zipatikane punje zinazofanana na mchanga mnene. Madini ya mfupa yana tabia ya kuivuta floraidi na kuishika, na ni tabia hiyo hiyo inayofanya floraidi ijikusanye kwenye mifupa ya binadamu anayeinywa kwa miaka mingi. Ukiweka mkaa huo kwenye ndoo au pipa na kupitisha maji polepole, floraidi inabaki humo.

Ubora wote uko kwenye tanuri. Mfupa ukiungua kidogo kuliko inavyotakiwa, mafuta na nyama hubaki ndani, na maji yatanuka na kuwa na ladha mbaya, kisha watu watayakataa na hakuna mahubiri yatakayowarudisha. Ukiungua kupita kiasi, unakuwa mweupe na kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Mkaa mzuri huwa mweusi au wa kijivu, na hauna harufu. Ndiyo sababu siwashauri kabisa muoke mifupa wenyewe nyuma ya jiko la shule. Nunueni kwa watu wenye tanuri linalodhibitiwa na ambao wanaupima mkaa wao kabla ya kuuza.

Mkaa ukichoka unaweza kurudishiwa nguvu kwa kuuosha na magadi makali ya viwandani (kostiki soda, si magadi ya kupikia), lakini hiyo ni kazi ya kiwanda kidogo chenye watu waliofunzwa na vifaa vya kujikinga. Shule ibadilishe mkaa, irudishe uliochoka kwa waliouuza, basi.

Mwalimu wa Miteremkoni

Nawashukuru sana. Mama Njoro, maelezo yako yamenifungua macho, ila yameibua jambo ambalo lazima nilifikishe kwenye kikao. Wazazi wetu ni Wakristo na Waislamu, na wapo waliouliza kwa heshima kabisa kuhusu mifupa hiyo ni ya mnyama gani na amechinjwa vipi. Sitaki jambo hili lipite kwa kura ya wengi huku wengine wakinyamaza kwa uchungu.

Mkemia, ningeomba pia utueleze kuhusu shabu na chokaa, na kuhusu maji ya mvua. Je, mapaa yetu yanaweza kutosheleza watoto 480 mpaka vuli?

Mama Njoro (Nakuru, Kenya)

Mwalimu, umefanya vyema kulisema mapema. Kwetu swali hilo liliulizwa pia. Muuzaji anatakiwa aweze kuthibitisha kwamba mifupa ni ya ng'ombe pekee na inatoka kwenye machinjio yanayojulikana. Mwiteni shehe na mchungaji waone mkaa wenyewe, wausikie hauna harufu, na waulize maswali yao mbele ya wazazi wote. Kama baada ya hapo bado kuna familia ambazo dhamiri yao haitulii, wasilazimishwe. Tafuteni njia ambayo watoto wao watapata maji salama bila kupita kwenye mkaa. Naona Mkemia anaelekea kwenye njia hiyo.

Mkemia wa Maji

Naanza na shabu, kwa kuwa ni fupi. Njia ya shabu na chokaa ilianzia India na inaitwa Nalgonda, kwa jina la mji wa huko. Unakoroga shabu na chokaa kwenye maji, mashapo yanashuka yakiwa yameibeba sehemu ya floraidi, kisha unateka maji ya juu. Vifaa vyake ni rahisi na hupatikana popote. Udhaifu wake ni kwamba haishushi floraidi kwa zaidi ya asilimia 70 hivi. Mkianza na 6 mtabaki na karibu 1.8, yaani bado mko juu ya kiwango hata siku ambayo mpishi amepima kila kitu sawasawa; akikosea, aluminiamu inaweza kubaki kwenye maji. Kila siku mtakuwa pia na ndoo ya mashapo yenye sumu ya kutupa mahali salama. Kwa maji yenye miligramu 3 ningeijadili. Kwa yenu, hapana.

Sasa mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo kwa hesabu zetu floraidi yake ni sifuri. Tufanye hesabu mahsusi ya shule yenu. Mtoto mmoja akitumia lita moja ya kunywa na nusu lita kwa sehemu yake ya uji na makande, shule inahitaji lita 720 kwa siku. Kati ya mwisho wa masika na mwanzo wa vuli tuseme kuna siku 90 za masomo, kwa hiyo mahitaji ni lita 64,800. Paa la mita za mraba 400 hukusanya lita 400 kwa kila milimita moja ya mvua. Tukitoa hasara ya asilimia 20 tunabaki na 320. Mnahitaji basi kama milimita 203 tu za mvua kujaza mahitaji yote ya kiangazi, na masika ya kawaida ya upande huo wa mlima huleta zaidi ya hizo. Kumbe mvua mnayo. Mnachokosa ni mahali pa kuihifadhi, na hapo ndipo fedha zenu zinapopaswa kwenda.

Sijaona sababu ya kujenga hifadhi ya lita 65,000 zote mara moja. Maji ya kisima chenu si adui wa kutupwa, yanaweza kuchanganywa. Lita moja ya kisima yenye miligramu 6 ikichanganywa na lita nne za mvua, mchanganyiko unakuwa na miligramu 1.2 kwa lita, nao uko ndani ya kiwango. Lita moja kwa tatu inatoa 1.5 kamili, na mimi siwezi kuwashauri mkae kwenye ukingo huo, kwa sababu kipimo cha ndoo hukosewa na floraidi ya kisima hubadilika na majira. Kwa hiyo matangi ya lita 40,000 yakiwa yamejaa, yatatoa lita 50,000 za kunywa na kupikia. Upungufu mpaka vuli unabaki kama lita 15,000.

Upungufu huo ndio wa kuuachia mkaa wa mifupa. Kila lita mnaiondolea miligramu 5 ili ibaki na 1, hivyo lita 15,000 ni miligramu 75,000 za floraidi. Tukikadiria kwa tahadhari kwamba gramu moja ya mkaa inashika miligramu 2, mnahitaji kilo 37.5. Linganisheni na mkaa ambao ungehitajika kama mngetegemea chujio peke yake kwa kiangazi kizima: zaidi ya kilo 160. Uwezo wa mkaa hutofautiana kati ya tanuri na tanuri, kwa hiyo muulizeni muuzaji takwimu yake na mrudie hesabu hii kwa kutumia namba atakayowapa. Familia zisizotaka mkaa zihakikishiwe kwamba watoto wao watakunywa kutoka tangi la mvua, na tangi hilo liwe na koki yake.

Mvua nayo ina masharti yake. Mvua za kwanza baada ya ukame huosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati, kwa hiyo gata ziwe na bomba la kuyamwaga maji ya mwanzo kabla ya kuruhusu yaingie tangini. Tangi lifunikwe lisiingie mwanga wala mbu, na maji yatiwe klorini kabla ya kunywewa. Hapa ndipo klorini na kuchemsha vinaporudi kwenye nafasi yake, kwa sababu hatari ya maji ya mvua ni vijidudu na si madini.

Mkazi wa Usa River

Samahani kwa kuingilia. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hakuna aliyetaja chujio lililobuniwa na Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, tena ilikuwa mara ya kwanza kutolewa. Je, si vyema tukatumia kitu kilichobuniwa hapa hapa nyumbani?

Mkemia wa Maji

Ndugu, umekumbusha jambo la heshima, na kazi hiyo inatupa fahari sote. Chujio lake linaunganisha mchanga na vifaa vya nano, yaani chembe ndogo mno, ambavyo huteuliwa kulingana na uchafu uliopo kwenye maji ya eneo husika, na hilo la kuteua ndilo lenye uzito. Chujio lililoandaliwa kwa ajili ya vijidudu halitaondoa floraidi kwa sababu tu lina jina lile lile. Taasisi iko jirani na Mwalimu. Kamati iende na chupa ya maji ya kisima, ieleze kwamba tatizo ni floraidi ya miligramu 6 kwenye maji yenye magadi, na iombe kuona kipimo cha maji yanayotoka baada ya chujio kufanya kazi kwa muda wa miezi kadhaa. Kipimo cha siku ya kwanza hakitoshi kufanyia uamuzi, kwa sababu karibu kila chujio la floraidi hupendeza likiwa jipya.

Sifa ya magadi ya maji yetu ni muhimu pia kwa yeyote atakayewaletea alumina amilifu, yaani punje za madini ya aluminiamu zinazonasa floraidi, ambayo hutumika sana katika nchi nyingine. Alumina hufanya kazi vizuri kwenye maji yenye uchachu kidogo. Kwenye maji yenye bikaboneti nyingi kama yetu uwezo wake hushuka sana, hivyo msikubali namba zilizopatikana kwa maji ya mahali pengine.

Muuguzi wa Zahanati

Mwalimu, pole kwa kazi na hongera kwa kulisimamia hili. Naomba niongeze mambo ya upande wa watoto, kwa sababu nimeona mjadala umejikita kwenye mitambo.

Meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi tangu utotoni mpaka karibu miaka 8. Floraidi inayoharibu meno ni ile inayonywewa katika kipindi hicho, na madoa yakishatokea hayafutiki kwa kubadilisha maji. Maana yake ni kwamba mtoto anayeingia darasa la kwanza tayari amekwisha kunywa kwa miaka mingi nyumbani. Shule isipozifikia kaya zenye watoto wadogo, mtaona maji ya shule yamekuwa salama huku meno ya wanaoandikishwa yakiendelea kuwa yale yale, na wazazi watasema mradi haukusaidia. Kwa nyumba moja mahitaji ni madogo: familia ya watu 6 inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika inahitaji lita 4,500 kwa miezi 5 ya kiangazi, na simtanki moja ya lita 5,000 inatosha. Kina mama wanyonyeshao waambieni waendelee kunyonyesha bila hofu, kwa kuwa maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo sana hata pale anapokunywa maji haya. Hatari huanza mtoto anapoanzishiwa uji na maji.

Jambo la pili ni magadi ya kupikia. Huku kwetu makande na kiburu vinapikwa kwa magadi ili maharage yalainike haraka, na magadi ya ukanda huu huweza kuwa na floraidi nyingi. Mnaweza kutumia fedha zote kwenye maji, kisha mpishi akairudisha floraidi kwa kijiko. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kuloweka yamwagwe, na magadi yasiingie jiko la shule. Chai ya majani nayo ina floraidi yake, hivyo kwa watoto wadogo si kinywaji cha kila siku.

Watoto wenye matege waleteni zahanati mapema. Si kila matege ni floraidi, lakini katika eneo kama letu lazima liulizwe.

Mwalimu wa Miteremkoni

Shukrani zangu kwenu nyote ni za dhati. Nimeyachapisha majibu haya na yatasomwa kwenye kikao. Pendekezo nitakalolipeleka ni gata na matangi kwanza, kuchanganya kwa uwiano wa moja kwa nne, chujio dogo la mkaa kwa ajili ya mwisho wa kiangazi, na magadi kuondolewa jikoni kuanzia wiki hii, kwa kuwa hilo halihitaji mchango wowote. Nimebakiwa na swali moja. Mama Njoro na Mkemia mmesema mkaa huchoka. Mpishi au mwalimu wa zamu atajuaje kwamba umechoka?

Mkemia wa Maji

Hatajua kwa macho wala kwa ulimi, Mwalimu. Chujio la tope likiziba, maji hupungua na kila mtu anaona. Mkaa wa mifupa ukijaa floraidi, maji huendelea kutoka meupe, matamu na kwa kasi ile ile, na watoto wanaweza kunywa miligramu 6 kwa mwaka mzima wakiamini wamekingwa. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko gharama.

Fungeni mita ndogo ya maji kwenye bomba la kutolea la chujio, ya aina ile ile inayofungwa majumbani. Kwa kilo 37.5 za mkaa na kadirio tulilotumia, kikomo ni lita 15,000. Mita ikisoma 5,000, pelekeni sampuli ya kwanza maabara. Ikisoma 10,000, ya pili. Kisha moja kila lita 1,000. Sampuli ichukuliwe kwa chupa safi ya plastiki, si ya kioo, nayo iandikwe tarehe na namba ya mita. Siku kipimo kitakapogusa 1.2, badilisheni mkaa bila kusubiri ufike 1.5, na namba ya mita ya siku hiyo ndiyo itakuwa kikomo chenu halisi kwa awamu inayofuata, hata kama ni 11,000 tu. Kazi hiyo ipewe watu wawili kwa majina, mmoja mwalimu na mmoja mjumbe wa kamati asiyehamishwa kituo, na gharama za vipimo ziingizwe kwenye bajeti sasa hivi, kabla hamjanunua gata la kwanza.